Mkia wa Ng'ombe na Mbio za Mjukuu Wangu

Mimi tangu ujana wangu ni mtu wa kinyaa. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani ni uzee. Wapo watu wakizeeka wanachukia kila kitu, chumvi imezidi, watoto wamezidi, jua limezidi. Mimi nilianza mapema, na najua nilianzia wapi. Nilianzia Ngombezi.

Nilikwenda Ngombezi kutafuta kazi ya mkonge nikiwa kijana ambaye ndevu zinamwota upande mmoja tu. Kwetu Handeni mvua ilikuwa imekataa, na watu walisema kijana akienda mkongeni anarudi na baiskeli. Mimi nilirudi na mke, lakini hilo linakuja. Waliniweka kwenye mashine tunayoiita korona, ile inayopokea majani ya mkonge na kuyakwangua mpaka zibaki nyuzi peke yake. Nyuzi zenyewe ni nzuri, nyeupe, zinaanikwa juani kwenye waya unatamani uziguse. Ila nyuzi ni kidogo, makapi ndiyo mengi. Makapi ni ya kijani, yana maji maji, yanatiririka mferejini yakalundikane nyuma ya kiwanda. Yakikaa kidogo yanachacha. Harufu yake ni kama nyama iliyooza halafu mtu akaikamulia ndimu. Inaingia kwenye shati, inaingia kwenye ugali. Unakwenda kuswali, mwenzako amesujudu mbele yako, kisigino chake kinanuka mkonge.

Wenzangu walizoea, na hilo lilinitia kinyaa kuliko harufu yenyewe. Palikuwa na jamaa niliyelala naye chumba kimoja kwenye zile laini, vyumba vya safu vya wafanyakazi. Mchana alikuwa anakula ameketi ukingoni mwa mfereji ule ule, miguu inaning'inia, nzi wamemvaa kama kanzu. Nikimwambia asogee, ananijibu kwamba pua yangu itachoka yenyewe, niipe muda. Nikaipa muda. Haikuchoka. Asubuhi nyingine nilikuwa natapika njiani nikielekea kazini, nashika mti, natapika, najifuta, naendelea.

Sasa kwenye kuanika nyuzi kulikuwa na binti mmoja wa Kisambaa, mtu wa Dindira, ameshuka milimani kumfuata dada yake. Akaniona nimeshika mti. Akasimama, akaniangalia mpaka nikamaliza, halafu akasema, "Pole kaka. Hiyo mimba ina miezi mingapi?"

Nikampenda hapo hapo. Kesho yake aliniletea majani ya mchaichai yamefungwa kwenye kipande cha khanga, akasema ninuse hayo nikipita kiwandani. Tulioana, tukahamia kwetu, nje kidogo ya mji wa Handeni, tukalima mahindi na mbaazi. Alinicheka kwa kinyaa changu maisha yote. Nikikataa kikombe cha watu, nikikataa kiti cha stendi, anawaambia watu, mwacheni, huyo ni mja mzito. Chooni stendi ya Korogwe sijaingia hata leo, bora nife. Lakini nimetoka njiani, narudi.

Tulimlea mjukuu mmoja, mtoto wa binti yetu. Mama yake alipata mume mwingine Dar es Salaam, mtoto akabaki kwetu, na hatukulalamika, alikuwa furaha ya nyumba. Huyu mtoto alikuwa anakimbia. Si kwamba alifundishwa. Bibi yake akimtuma chumvi dukani, anarudi maji ya ugali hayajachemka, na anarudi na habari zote za barabarani. Fulani anaumwa jino. Ng'ombe wa Wamasai wameingia kwenye shamba la fulani. Maana alikuwa na desturi yake: hampiti mtu mzima bila kusimama. Anakuja mbio, anakata mwendo, shikamoo babu, anasubiri marahaba, anaulizwa habari za nyumbani, anajibu, anachomoka tena. Wazee wa njia ile walikuwa wanamngojea kama watu wa zamani walivyoingojea redio.

Akakua hivyo, akamaliza shule, akapata nafasi chuo kimoja cha upande wa Korogwe. Jina la chuo libaki huko huko. Alikwenda kusomea ubwana shamba, lakini walipomuona anavyokimbia, mbio zikawa ndizo masomo. Vyuo vina mashindano baina yao, wanapigania vikombe, wakuu wa vyuo wanapenda kupiga picha na vikombe. Wakamkabidhi kwa kocha.

Huyu kocha alikuwa mtu wa makamo, kitambi amekifungia ndani ya traksuti, filimbi shingoni, miwani ya jua hata akiwa ndani ya nyumba. Na alikuwa wa kabila ambalo sisi Wazigua ni watani zao. Silitaji, maana wako wengi wema na baadhi wamekula kwangu. Kwa vijana ambao siku hizi hawajui: mtani ana ruhusa. Anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, anaweza kuchukua kuku wako akaondoka naye, nawe hukasiriki. Ukikasirika umejiaibisha, watu watakusema mpaka wajukuu wako watasikia. Mimi siku ya kwanza nilipompeleka kijana, kocha alinipokea mlangoni akasema, "Shikamoo mzee mtumwa wangu. Umeniletea mtumwa mdogo?"

Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu. Mtunze vizuri, babu yako tulimuuza kwa pishi ya mtama na mtama wenyewe ulikuwa na wadudu."

Tulicheka mpaka akavua miwani. Mke wangu nilipomsimulia alifurahi, akasema kijana yuko kwenye mikono ya mtani, basi yuko nyumbani. Ndivyo mtu yeyote wa kwetu angesema.

Mimi nilikuwa nakwenda Korogwe mara kwa mara kwa ajili ya macho yangu, yana ukungu, na nikienda nalala Mnyuzi kwa dada yangu aliyeolewa huko. Asubuhi moja natoka kwa dada naifuata barabara nikasubiri gari, nikaona vijana wa chuo wanakuja mbio na jezi zao za manjano. Kocha nyuma yao kwenye pikipiki, amepakiwa, anapiga filimbi. Nikamtambua mjukuu wangu kwa mabega, yuko mbele ya wote. Nikasimama vizuri, nikaweka fimbo sawa, nikangojea salamu yangu.

Akanipita.

Si kwamba hakuniona. Aliniangalia usoni, macho yake yakapita juu yangu kama yanavyopita juu ya nguzo ya umeme. Mdomo umekauka, una povu jeupe pembeni. Mama mmoja muuza ndizi aliyekuwa karibu akasema watoto wa chuo kile siku hizi hawana adabu, wanapita watu kama mbuzi. Sikutaka kumwambia kwamba huyo mbuzi wa mbele ni wangu.

Jioni nikaenda chuoni kuuliza. Kocha akanieleza kwa furaha kabisa, akiwa anachokonoa meno. Alisema alimpiga marufuku kusalimia, kwa sababu salamu inakula pumzi, na mwanariadha lazima afunge moyo wake kama mlango. Akasema hiyo inaitwa saikolojia. Neno hilo nililisikia mara nyingi tangu siku ile, na kila mara lilitoka kwenye mdomo wenye chakula.

Sasa nifike kwenye mkia.

Niliporudi Korogwe safari iliyofuata nilikwenda chuoni mchana, wakati wa chakula. Bwalo lao ni kubwa, madirisha hayana vioo, linanuka maharage. Nikasikia kicheko kabla sijaingia. Nikachungulia. Mjukuu wangu alikuwa kwenye foleni ameshika sahani, na kiunoni, nyuma, amefungwa mkia wa ng'ombe. Mkia wa kweli, umetoka buchani, una ngozi yake na nywele zake za mwisho zimeshikana kwa damu na samadi. Haukuoshwa. Nzi walikuwa wanatoka kwenye mkia wanakwenda kwenye sufuria ya maharage wanarudi kwenye mkia. Kila aliyempita aliushika akauvuta akasema "hooo", kama anayeswaga ng'ombe. Naye kijana alikuwa anacheka. Alicheka kwa meno, macho hayakuwamo.

Mimi na kinyaa changu nilirudi nje nikashika ukuta.

Baadaye nilielezwa mambo ya huo mkia. Kocha aliuleta yeye. Anayefanya vibaya mazoezini anaufunga tangu asubuhi mpaka jua linazama, darasani, bwaloni, msikitini hapana, hapo walikuwa na huruma, anauacha kwenye viatu. Na nikauliza, huyu kijana si ndiye anayeshinda wenzake? Wakasema ndiyo, anawashinda wenzake, lakini siku hizi ameshindwa na saa. Kocha ana saa yake ya mkononi inayopiga kelele. Kijana akifika wa kwanza lakini saa ikasema jana alikuwa mwepesi zaidi, anafungwa mkia. Na kwa vile yeye ndiye mtani wa kocha, yeye ndiye aliyefungwa mara nyingi kuliko wote. Wengine wakikasirika kocha anawaacha. Huyu hawezi kukasirika.

Nilimfuata kocha. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu nje, maneno makali. Kabla sijafungua mdomo akapiga makofi, akasema, "Mzee mtumwa wangu, umemuona ng'ombe wako? Usiseme umenuna. Sisi si watani?"

Watu walikuwa wamesimama pale, walimu wawili watatu, wanafunzi. Wote wananiangalia, wanangoja wacheke. Nikajikuta nacheka na mimi. Cheko lilinitoka kama lile tapishi la Ngombezi, bila kuitwa. Nikasema ng'ombe mwenye mkia huo mbona anafanana na yeye kocha. Wakacheka tena. Nikatoka. Ndivyo utani ulivyo, mtani akikuita sokoni huwezi kumjibu kwa hasira, na huyu bwana aliujua mlango huo akajificha nyuma yake na kitambi chake chote.

Nilimchukua kijana tukakae nje ya uzio wa chuo, kwenye gogo. Alikuwa ameshavua ule mkia lakini suruali bado inanuka. Nilimletea ugali na mchunga, ile mboga chungu ya kwetu, aliopika bibi yake, umefungwa vizuri, chakula alichokuwa anagombea na mimi tangu mdogo. Akautazama. Akala tonge moja, akalizungusha mdomoni kama mtu anayetafuna uzi, akalitema pembeni, akaniomba radhi. Nikamuuliza anaumwa nini. Akasema haumwi. Analala? Halali sana. Asubuhi kabla ya mazoezi anatapika, kisha anakwenda. Nikamuuliza sasa unataka nini, mwanangu, niambie mimi babu yako, tukiwa wawili tu.

Akakwangua gogo kwa ukucha. Kisha akasema, "Babu, kila asubuhi nikiamka naangalia mguu wangu. Natamani niukute umevunjika."

"Uvunjike wa nini?"

"Nipumzike. Mguu ukivunjika kila mtu anaona. Hiki kingine hakionekani."

Nimezika watu, nimeona njaa, nimeona ng'ombe wangu wakifa kwa ugonjwa. Lakini kijana mzima, mwenye miguu ambayo Mungu aliitengeneza akiwa na nafasi, anaamka anaiombea ivunjike! Nilimwambia twende nyumbani, leo hii, vitu vyako tutavifuata. Akatikisa kichwa. Akasema akiondoka watasema amekasirikia utani. Watasema Mzigua ameshindwa na mtani wake akakimbia analia. Habari itafika kwetu kabla yeye hajafika. Na alisema kweli. Kwetu mtu anasamehewa wizi wa mbuzi upesi kuliko kununia utani.

Nikamuuliza kama hakuna mtu mzima mwingine pale chuoni wa kuzungumza naye. Akacheka, safari hii kweli kidogo. Akasema kuna chumba, kimeandikwa mlangoni Ushauri Nasaha. Alikwenda akagonga. Akagonga siku nyingine. Ufunguo anao kocha. Ndani wameweka mipira, nyavu na jezi chafu, wakifungua inatoka harufu ya soksi. Kiti cha mshauri kimewekewa pampu ya baiskeli. Nilitaka kwenda kukiona kwa macho yangu, halafu nikasema hapana, nimeona vya kutosha, nikiona na hicho nitalala Korogwe hospitali.

Nilimwambia mke wangu yote. Alikuwa ameanza kuumwa wakati huo, kifua. Alisikiliza, hakuniita mja mzito. Akasema mtani anapimwa siku ya msiba, siku ya msiba ndiyo tutamjua huyo kocha ni nani. Mimi nikamwambia aache kusema habari za msiba. Nasema hivyo kwa kuwa watu wengine wakiandika habari za wafu wao wanawafanya wote kuwa watabiri. Yeye hakuwa anatabiri. Alikuwa anasema desturi, kama mtu anavyosema baada ya masika kuna kipupwe.

Akafa. Ilikuwa asubuhi, tukamzika siku ile ile baada ya alasiri. Kijana alifika mapema kwa pikipiki, vumbi mpaka kope. Na watani walikuja. Kwa asiyejua, hapa ndipo utani unapolipwa. Mtani aliyekutukana mwaka mzima, siku ya msiba yeye ndiye anayeshika jembe. Anachimba, anabeba maji, anachinja, anakufanyia vituko ucheke ili usife na wewe. Mzee mmoja muuza nyama, mtani wetu wa siku nyingi, wa kabila lile lile la kocha, alichimba mpaka vidole vikatoka damu, halafu kaburi lilipokamilika akalala ndani yake akagoma kutoka. Akasema pazuri humu, huyu mama hatapafaidi, amezoea kulala na mja mzito. Alimjua, alijua ule mzaha wake. Watu walicheka pale makaburini na machozi yanawatoka, na mimi nilicheka. Tukampa jogoo ndipo akatoka. Mjukuu wangu ndiye aliyemshika mkono kumvuta juu, na nikamuona kijana analia na kucheka kwa pamoja, nikasema alhamdulillahi, bado yumo ndani yake.

Alipomaliza kumvuta aliangalia nyuma, kwa watu. Akaangalia upande wa majembe, akaangalia upande wa barabara. Nilidhani anamtafuta mama yake.

Kocha alikuja siku ya hitima. Alikuja na gari la chuo, kioo kimefungwa, akashuka na traksuti ile ile. Akapewa kiti cha plastiki, akakitandikia leso kwanza kana kwamba viti vyetu vina upele. Mimi mtu wa kinyaa najua kinyaa cha kweli, kile hakikuwa kinyaa, kile kilikuwa dharau. Akala pilau, akaongezwa, akaongezwa tena. Hakushika ndoo, hakugusa sufuria. Wale watani wengine walikuwa wanaosha masinia na suruali zimekunjwa, wakamtania aje waoshe wote, akawaonyesha saa yake. Alipomaliza kula akamwita kijana mbele ya wazee, akamshika bega kwa mkono wenye mafuta, akasema kwa sauti ya mtu aliye kwenye spika:

"Machozi ni mafuta. Usiyamwage hapa, yapeleke uwanjani. Huyu bibi usimlilie, mkimbilie."

Wazee wakaangaliana. Imamu akavuta uradi wake haraka haraka. Mimi nilikuwa namwangalia kocha jino la mbele, palikuwa na kipande cha nyama, kikitikisika kila akisema bibi. Kabla hajaondoka akamwomba binti yangu picha ya marehemu, akasema ni ya kumbukumbu chuoni. Binti akamtumia kwa simu. Ni picha nzuri, amekaa kwenye mkeka anachambua mbaazi, amemwangalia mpigaji kama anataka kumtukana.

Kijana alirudi chuoni. Nilimuuliza kwa nini, akasema mashindano ni wiki ijayo, akimbie hayo, kisha ataona. Sikumlazimisha. Mtu aliyefiwa humlazimishi. Leo hii yuko Dindira kwa ndugu za bibi yake, anachuma chai na anapanda miti ya matunda, amenenepa, na nasikia analala mpaka wanamgongea. Nasema sasa ili msomaji asihangaike, maana kilichobaki ni kifupi na ni kibaya.

Siku ya mashindano kocha alinitumia gari. Nilikwenda kwa sababu ya kijana, niwepo tu. Uwanja ulijaa, vyuo vyote vya upande ule, ngoma, matarumbeta, vumbi. Wakanipeleka mbele, wakanikalisha kwenye kiti chenye kitambaa, wakasema mimi ni mgeni wa heshima. Kisha nikamuona mke wangu.

Alikuwa kwenye kifua cha mpiga ngoma. Walikuwa wamechapisha ile picha kwenye fulana. Fulana za manjano, uso wa mke wangu umekuzwa mpaka matundu ya pua yanaonekana, chini yake wameandika KIMBIA KWA BIBI. Wanafunzi walizivaa kundi zima. Mke wangu alikuwa kwenye vifua, kwenye migongo, kwenye kitambi cha kocha amevutika uso kama mtu aliyevimba. Mmoja alikuwa amejifutia jasho la kwapa na pindo lake. Mwingine amemwagia soda, mbaazi zake zote zimekuwa nyekundu. Kocha akanitupia moja mapajani akasema vaa mzee, leo tunamfufua. Niliisukuma kwa fimbo ikaanguka chini. Sikutaka mikono yangu iiguse. Mara nyingine mtu unatapika kwa mdomo, mara nyingine mwili mzima unataka kutapika ngozi.

Kijana alikuwa bado hajaziona, walikuwa wamewaweka wakimbiaji upande wa pili nyuma ya magari. Akatoka kuja kwenye mstari. Akaona. Nilimuona anaona. Hakuanguka, hakulia. Alisimama akaziangalia moja moja, polepole, kama anahesabu kuku walioporwa. Filimbi ikapigwa, wakakimbia.

Na alikimbia, wallahi. Ilikuwa zile mbio ndefu za kuzunguka na kuzunguka. Alikwenda mbele ya wote, mguu haugusi ardhi, hata watu wa vyuo vingine walikuwa wanasimama. Raundi baada ya raundi. Kocha alikuwa na kipaza sauti pembeni ya uwanja, karibu na nilipokaa mimi. Mwanzo alikuwa anataja chuo. Halafu kijana alipopita raundi ya katikati, akaanza utani wake. Akasema, kimbia mtumwa, bibi yako anakungojea kwenye kamba. Watu wakacheka. Akasema, kimbia, bibi amekasirika kaburini, anasema chai imepoa. Wakacheka tena, wale wenye fulana, na uso wa mke wangu ukatikisika kwenye vifua vyao.

Alipokuja tena alikuwa amewaacha wenzake mbali. Ilibaki kidogo sana. Alipofika mbele yetu akakata mwendo. Kutoka mbio akaingia kwenye kutembea, kutoka kutembea akasimama. Uwanja ukapiga yowe. Kocha akashusha kipaza sauti lakini hakukizima, ndiyo maana kila mtu alisikia.

"We mtumwa, vipi? Umenuna? Mtani hanuni."

Kijana alikuwa anahema. Akangojea pumzi ikae. Akasema kwa adabu, sauti ya chini, kama anayemjibu mwalimu:

"Kocha, siku ya kuzika nilikutafuta kwenye majembe. Sikukuona."

Basi. Sikusikia mtu akicheka. Hata wale wa kabila lake waliokuwa jukwaani, na walikuwepo, waliinamisha vichwa, maana hayo si matusi ambayo unaweza kuyajibu kwa utani, hayo ni kumvua mtu utani wenyewe mchana kweupe. Wakimbiaji wengine wakatupita, mmoja, wa pili, wa tatu, vumbi likatuangukia. Kocha akaanza kusema kwamba mbio bado, kwamba imebaki nusu raundi tu, kwamba mwanangu, sikiliza, hii ni saikolojia.

Kijana alikuwa ameshageuka. Alivuka chaki ya uwanja, akapita katikati ya watu, wakampisha. Alitembea taratibu, mikono imelegea, kama mtu anayetoka shambani kwake. Nilinyanyuka nimwite, nikaacha. Akapita kwenye pengo la ua wa michongoma, akashika njia ya barabarani, na hakurudi tena.